Darasa la Linux Kibondo na Meza Zilizoelekea Ukutani

Ninastaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Daktari aliyeniangalia tumbo alisema vidonda hivi havikuletwa na maharage wala pilipili. Vimeletwa na tabia ya kujiuliza kila saa kama nilizima jenereta. Akanishauri nitafute kazi isiyo na waya. Kwa hiyo nimerudi Heru Juu kulima mihogo na mama yangu, na ninyi wawili mmechukua funguo za chumba cha kompyuta cha Kibondo.

Mliniomba niwaandikie mwongozo. Nimeuandika mara kadhaa, na kila mara nilipousoma niliona kuna kitu kimepungua, nikauchana. Haya hapa siyo mwongozo. Ni jinsi mambo yalivyokuwa, na mkiona nimelalamika sana, jueni nimepunguza.

Sikusomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuniweka nyumbani, na mwaka 2012 nikapata kazi kwenye steshenari ya Bwana Seif, pale Kasulu mjini. Bwana Seif ni mtu wa Tanga aliyefuata biashara bara akaoa huku. Aliniajiri kutoa fotokopi na kuchapa barua. Siku ya kwanza kabisa, mwalimu mmoja wa sekondari alileta flashi yenye mitihani ya muhula. Nilipoichomeka, mafolda yake yote yakageuka vijialama vidogo visivyofunguka. Mnavijua virusi vile. Mimi sikuvijua. Nilidhani nimefuta mitihani ya shule nzima kwa kidole changu, nikaenda stoo kulia katikati ya maboksi ya karatasi.

Bwana Seif akanifuata. "Bi Yustina, unalilia nini? Flashi ya mtu imeumwa, wewe mzima."

"Nimeiharibu, baba."

"Umeiharibu wewe, au imekuja na maradhi yake kutoka ilikotoka? Futa machozi, mteja anasubiri."

Mafaili yalikuwepo, yamefichwa tu. Lakini kuanzia siku ile sikuweza kuchomeka flashi ya mtu bila kuuliza mara tatu imetoka wapi, na huko Kasulu flashi zote zilikuwa za watu.

Mwaka ule ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa. Warundi walirudishwa kwao, na waliokuwa wakiwahudumia wakauza vitu walivyoona havina safari: viti, matangi ya maji, makabati, na kompyuta. Bwana Seif alinunua rundo la kompyuta kama mtu anavyonunua mitumba, bila kufungua. Tulipozifungua, ndani kulikuwa na vumbi jekundu la kutosha kuotesha mchicha. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia pampu ya baiskeli kulipuliza. Nilikuwa nikiisogeza karibu mno, naye akawa ananisimamia mgongoni: "Mbali kidogo, mwanangu. Unatoa vumbi, hujazi tairi." Pampu ile bado iko kabatini Kibondo. Msije mkaiazima kwa mtu mwenye baiskeli. Hairudi.

Fundi mmoja Mkongo aliyekuwa akifungasha mizigo yake pale kambini ndiye aliyenipa diski ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nilikuwa nimemlalamikia kuhusu virusi mpaka akachoka. "Hii iko ya bure, dada," aliniambia. "Ma-virus ya hapa haiijue. Weka tu mu ordinateur, utaona." Nikaiweka kwenye kompyuta moja. Nilichoona ni skrini yenye rangi nisiyoizoea na maneno nisiyoyajua, nikaizima haraka kwa kuchomoa waya ukutani. Kesho yake nikajaribu tena. Virusi havikuja. Walikuja wateja wakiuliza kwa nini kompyuta imevaa nguo mpya, na kwa nini kitufe cha kuanzia hakiko pale kilipokuwa.

Nikatafuta wa kunifundisha. Kasulu hakuwepo. Hatimaye nikapata kozi ya bure mtandaoni, ya watu wanaoanza kabisa, yenye video za mzungu mpole aitwaye Martin na maswali kila baada ya somo. Kozi ilimruhusu mtu kuendelea akipata alama sabini. Mimi sikujiruhusu. Nilikuwa nikirudia kila jaribio mpaka nipate zote, hata nikishajua kwamba nilichokosa ni neno moja la Kiingereza. Somo la wiki moja nililisoma mwezi. Nilimaliza nikiwa nimekonda, na nikiwa na hakika kwamba kila mtu Kasulu anahitaji kozi hii.

Mwaka 2014 Bwana Seif alifungua tawi Kibondo, akanipeleka niliendeshe. Nikamwomba asubuhi tufanye darasa la bure kwa kozi ile ile, mchana tufanye biashara. Akasema, "Sawa. Wanaokuja bure asubuhi, mchana watatoa fotokopi." Video nilizipakua Kasulu ambako mtandao ulikuwa na nguvu, nikazihamishia Kibondo kwenye diski niliyoifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Modemu tuliining'iniza dirishani ndani ya sufuria, maana bila sufuria haikukamata kitu.

Meza nilizipanga mwenyewe. Zote zilielekea ukutani, wanafunzi wakinipa mgongo, ili nikisimama katikati nizione skrini zote kwa mara moja. Nilijivunia sana mpango ule. Sikutaka mtu akosee halafu nichelewe kujua.

Walikosea, nami nikaona kila kosa kwa wakati wake. Chukueni lile la nywila. Kwenye dirisha jeusi la amri, ukiandika nywila hakuna kinachoonekana, hata nukta. Ndivyo Linux ilivyo. Nililisema hilo mara ngapi? Bado kila asubuhi kulikuwa na mtu anayebonyeza kibodi kama anatwanga kisamvu, na mwingine aliyekaa ameinua mikono.

"Madamu, kibodi imekufa."

"Haijakufa. Andika tu, haionyeshi."

"Sasa nitajuaje kama ninaandika?"

"Utajua kwa sababu unaandika!"

Halafu Jumatatu moja nikakuta kila mashine ina mtumiaji anayeitwa Martin. Mafolda ya Martin, nyaraka za Martin, chumba kizima cha akina Martin. Nikamwita Onesmo, kijana wa bodaboda aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake.

"Kwa nini umeandika Martin?"

"Ndivyo mwalimu alivyoandika kwenye video."

"Yeye ndiye Martin. Wewe ni Onesmo."

"Sasa madamu, nikibadilisha si nitakuwa nimekosea?"

Na kibaya kuliko vyote, niliuliza, "Mmeelewa?" wakajibu kwa sauti moja, "Tumeelewa!" Hawakuwa wameelewa. Kwetu mtu hamwambii aliyejitahidi kumweleza kwamba hakueleweka. Ni kumwaibisha. Mimi ni Muha, nalijua hilo, na bado liliniumiza tumbo kila siku ya Mungu.

Sasa nije kwa Spesioza, kwa sababu ndiye mliyemsikia mkaniuliza habari zake. Alizaliwa kambini Mtabila, wazazi wake wakiwa Warundi. Aliolewa na Muha wa kijiji cha Murungu, akawa wa huku. Kambi ilipofungwa, mama yake alirudishwa Burundi na yeye akabaki. Alikuja darasani na mtoto mgongoni, akakaa kwenye meza ya pembeni, na tofauti na wengine alikuwa akiniambia ukweli: "Madamu, hapo sijaelewa hata kidogo." Nilimpenda kwa hilo. Kwa mengine alinitoa jasho.

Kozi ilimtaka kila mwanafunzi aandike swali kwenye ukurasa wa majadiliano, lisomwe na wanafunzi wa dunia nzima. Spesioza aliandika kwa Kiswahili, nikamsaidia kuweka Kiingereza. Alianza kwa kuwasalimu wote. Akauliza kama wameamka salama huko waliko. Akasema Kibondo mvua ni nzuri na maharage yametoa maua, na kwamba mtoto alikuwa na homa lakini amepona. Halafu akaacha.

"Swali liko wapi?" nikamwuliza.

"Bado, madamu. Wakiitikia ndipo niulize."

"Hawataitikia! Hapo ni mahali pa maswali."

"Utamwombaje mtu kitu hujui hata ameamkaje?"

Siku mbili baadaye mtu mmoja wa mbali akajibu kwa mstari mmoja, akimtaka ataje toleo la mfumo anaotumia. Spesioza aliusoma, akausoma tena. "Huyu," akasema, "hakulelewa."

Mwaka 2015 watu walianza kuvuka mpaka tena kutoka Burundi. Kwanza tulisikia redioni, kisha tukaona malori. Ikasemekana kambi ya zamani karibu na Kibondo itafunguliwa upya, na wanatafutwa watu wa kuandikisha wanaofika, wanaojua Kirundi na wanaojua kompyuta, na kompyuta zenyewe zilikuwa za Linux. Walitaka cheti. Cheti cha kozi yetu kingetosha. Katika darasa zima, aliyekuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu ni Spesioza.

Alinieleza huku akipanguza skrini kwa ncha ya khanga. "Kama mama atavuka, madamu, atafika kwenye meza ile ya kuandikisha. Kila anayekuja anapita pale. Nataka awe anakuja kwangu."

Nikamwuliza kama kwake wamekubali akakae kambini. Mumewe alikubali. Baba mkwe wake, Mzee Balthazari, hakusema ndiyo wala hapana, na bila neno lake hakuna ambaye angemruhusu kuondoka Murungu.

Mtihani ulikuwa wa saa moja, na mtu aliruhusiwa kuufanya mara moja tu. Ukishaufungua, saa inaanza kuhesabu kwenye kona ya skrini, na haisimami hata umeme ukatike. Mwisho wa kupeleka maombi ya kazi ulikuwa wiki ile ile. Mnanijua. Nilijaza jenereta, nikaweka dumu jingine la mafuta pembeni. Nilijaribu modemu kwenye kila dirisha. Spesioza na mtoto niliwalaza kwangu tangu juzi yake, asije akachelewa. Nilibandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: KIMYA. MTIHANI. USIINGIE. Niliwaambia wanafunzi wengine wasije. Wakaja wote, wamevaa vizuri. "Tumekuja kumsindikiza," Onesmo akasema, wakakaa kwenye benchi la nyuma kama watu wa harusi.

Spesioza akafungua mtihani. Saa ikaanza kuhesabu. Kwa dakika kama kumi alikwenda vizuri, nami nilisimama nyuma yake nikiona kila jibu na kuuma midomo.

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlangoni, pale pale penye karatasi. Aliyepiga hodi alikuwa ameisoma, maana aliongeza, "Hapa wameandika nisiingie. Hodi!"

Benchi zima likaitika, "Karibu!"

Nilitaka kuwanyonga. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Balthazari mwenyewe, amevaa koti na kofia, na vumbi la bodaboda la kutoka Murungu hadi kwenye nyusi. Spesioza alisimama hapo hapo. Aliacha swali katikati, akamgeukia mkwewe, akapiga magoti, akaanza kupiga makofi taratibu, ndivyo kwetu Waha mzee anavyosalimiwa.

"Mwakeye, baba."

"Mwakeye, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, baba."

"Mtoto?"

"Mzima, baba."

"Homa ile?"

"Ilikwisha, baba. Nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Ng'ombe amezaa."

"Amezaa!"

"Amezaa. Dume."

Makofi yakaendelea, na benchi la nyuma nalo likaingia, kila mmoja kwa zamu yake, maana mzee hawezi kusalimiwa na mtu mmoja wengine wakatazama. Wakaulizana mvua ya Murungu. Wakaulizana mihogo. Mimi nilikuwa nimebaki na ile saa kwenye kona ya skrini.

"Spesi," nikasema kwa sauti ya chini, "saa inakwenda."

Hakugeuka. Alikuwa kwenye habari za ndama.

Nikavuta kiti hadi mlangoni. "Baba, naomba upumzike hapa nje kivulini kidogo. Kuna mtihani."

"Mtihani ndio nimeujia," akasema Mzee Balthazari. Akakichukua kiti changu, akakirudisha ndani, akakiweka katikati ya chumba na kukaa. "Nimesema, huyu anataka kwenda kukaa mbali na watu wake. Nije nimwone anachofanya. Haya, mwanangu, fanya."

Spesioza akainuka, akaitazama meza yake iliyoelekea ukutani, akamtazama mkwewe. Hakukaa.

"Kaa, Spesi!"

"Madamu," akanong'ona, "nitampaje baba mkwe mgongo?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekijenga. Meza zote ukutani, migongo yote chumbani. Mpango wangu mzuri. Angempa mgongo mzee yule mbele ya watu, angefaulu mtihani na kukosa ruhusa. Angebaki amesimama hivi kwa heshima, angepata ruhusa ya kwenda kwenye kazi asiyo na cheti chake. Na saa ilikuwa inakula dakika.

"Inueni meza," nikasema.

"Meza gani?" Onesmo akauliza.

"Hii! Ivuteni itoke ukutani, yeye apite nyuma yake atazame huku. Na mtu akichomoa waya wowote, asirudi tena katika maisha yangu!"

Waliiinua kama wanavyobeba mgonjwa milimani, wanne kwenye pembe, wakielekezana kwa minong'ono. "Polepole, polepole, kichwa upande wako." Kasha la mashine lilikuwa sakafuni, ikabidi nitambae nalo kwa magoti nimelikumbatia, taa zake zikiwaka kifuani kwangu. Waya wa umeme ukatanuka mpaka ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu akaukanyaga plagi isitoke. Waya wa modemu haukufika, hivyo Onesmo akaitungua sufuria dirishani akaishika kwa mikono miwili.

"Usitikisike," nikamwambia.

"Sitikisiki, madamu. Ila pua inawasha."

"Iache iwashe!"

Nikaigeuza skrini. Spesioza akapita kwenye upenyo kati ya meza na ukuta, akakaa uso ukimwelekea mkwewe, akainamisha kichwa kidogo, kisha akaanza kuandika.

Kwa mara ya kwanza tangu nifungue chumba kile, sikuweza kuona skrini ya mwanafunzi. Nilibaki sakafuni na lile kasha, nikimtazama usoni tu. Nilijaribu kusoma majibu kwenye nyusi zake. Alikunja uso, nikadhani ni swali la ruhusa za mafaili, ambalo hakuwahi kulipenda. Akabonyeza kitu. Akatabasamu. Akafuta. Kwa nini anafuta? Mzee Balthazari alikuwa akimtazama kwa utulivu kama mtu aliyekaa kumwangalia fundi cherehani.

"Huwa anaandika hivi hivi kila siku?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba. Naomba tusiongee."

"Kwa vidole vyote?"

"Vyote, baba."

"Mh."

Kisha Spesioza akaondoa mikono kwenye kibodi. "Saa imekwisha, madamu. Imejifunga yenyewe. Mawili ya mwisho sikuyafikia."

Mawili! Nikayahesabia alama kichwani, nikajumlisha, nikatoa, nikaona amefeli. Nikajumlisha upya, nikaona amepita kwa unywele. Ukurasa wa matokeo ulikuwa unafunguka kwa mtandao wetu, yaani haukuwa unafunguka. Onesmo akainua sufuria juu zaidi bila kuambiwa. Spesioza alisoma kwa midomo, pole pole, kama asomavyo Kiingereza chake.

"Wameandika nimefaulu."

"Ngapi?" nikasema. "Alama ngapi?"

"Sabini na nne."

Benchi likalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, Onesmo akapiga chafya ndani ya sufuria na modemu ikakata. Haikuwa na neno tena. Cheti tulikichapa mchana, maombi yakapelekwa kesho yake, na kambi ilipofunguliwa alikuwa kwenye meza ya kuandikisha. Mama yake mpaka ninapoandika hajapita pale. Bado watu wanavuka. Na kwa kuwa nimeamua kuwaambia kila kitu, zile alama ishirini na sita alizokosa zinaniuma hadi leo, na najua hazipaswi.

Lakini asubuhi ile haikuwa imekwisha. Vigelegele vilipotulia, Mzee Balthazari aliinuka, akamwuliza Spesioza kule kambini atalala kwa nani. Akajibiwa kuna nyumba ya wafanyakazi wa kike. Akauliza mtoto. Akajibiwa bibi yake, mke wa mzee mwenyewe, amesema atamlea. Mzee akakung'uta kofia yake gotini.

"Basi aende," akasema. "Nimemwona anajua anachofanya, na hajasahau yeye ni nani."

Bado nilikuwa chini, nimekumbatia lile kasha kama ndoo ya maji, vumbi jekundu limenijaa gauni. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuirudisha meza ukutani bila kukata waya. Mzee akageuka, akanitazama.

"Na wewe, mwalimu, ni wa wapi?"

"Heru Juu, baba."

"Heru Juu!" Akakaa tena kwenye kiti, akakitengeneza vizuri, kama mtu asiye na safari. "Mtoto wa Heru Juu. Nimeingia humu tangu asubuhi. Umetaka kunitoa nje, umenizungushia meza, umeniambia nisiongee. Kila mtu humu amenisalimia isipokuwa wewe."

Nikaliachia lile kasha. Magoti yalikuwa chini tayari. Nikakusanya viganja, nikaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, baba."

"Mwakeye, mwanangu," akasema. "Haya. Mama yako ameamkaje?"